Duara Lililojaa Tena

Demetria alizikwa akiwa mkimya, na hilo ndilo lililomkosesha mumewe raha. Kifo, Erasmus alikuwa amekikubali, kwa kadiri mtu anavyokubali. Ukimya ndio uliomshinda. Siku ya mazishi, pale Tabata, walisimama watu kutoa salamu za rambirambi: mwakilishi wa kazini kwake, mwakilishi wa kwaya, mwakilishi wa wawakilishi. Wote, kama waliosoma darasa moja, walimsifu marehemu kwa upole na ukimya.

"Alikuwa mtu asiye na maneno," alisema mmoja, ambaye ni dhahiri hakuwahi kumwuzia Demetria samaki.

Erasmus alipangwa mwisho, atoe neno la familia, na alikusudia kulirekebisha hilo. Zamu yake ilipofika mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mapaa. Brightson, mwenyekiti wa jumuiya yao na mshereheshaji wa siku ile, akamnong'oneza huku kipaza sauti kikiwa wazi: "Braza, sema ahsanteni tu, tuwahi makaburini."

Erasmus akasema ahsanteni.

Tangu hapo marehemu hakunyamaza. Alianzia jikoni. Erasmus akitia chumvi, alisikia: "Hiyo nyingine ya nini?" Akifunga mlango: "Umeuvuta, hujaufunga." Hakuwa mtu wa mizimu. Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha maji ya chupa upande wa Manzese, na kwa fundi kila sauti ina chanzo. Akakagua feni, akalivuta friji na kulikagua. Vyote vizima. Sauti ikamwambia arudishe friji ukutani.

Alimweleza Bi Wahiba peke yake, mwenye duka la jirani. Bi Wahiba hakushtuka. "Mkeo huyo alikuwa ananirudishia mchele na mawaidha juu yake," alisema, akiendelea kufunga sukari. "Nyie mmemzika mtu mwingine, shemeji. Atatulia vipi?"

Mwaka ulipotimia, ikapangwa ibada ya kumbukumbu nyumbani. Brightson naye alikuwa amejifunza kitu kutokana na mazishi yale, ila siyo kile alichotarajia Erasmus.

"Braza, wewe mtaalamu. Tutengenezee saa ya kwenye skrini. Duara, linapungua mtu akiongea. Likiisha, anakaa. Hata padri."

"Hata padri?"

"Padri tutamzoesha polepole."

Erasmus alikuwa na programu aliyoizoea kiwandani, ambayo huandiki maneno: unaburuta visanduku, kila kimoja na kazi yake, unaviunganisha kwa nyaya za kuchora. Akaweka cha kuhesabu sekunde zilizobaki, cha kugeuza sekunde kuwa pembe, na cha kuchora tao la kijani kwa pembe hiyo. Akabonyeza. Duara likaliwa taratibu, kama chapati mbele ya mtoto asiye na haraka. Likabaki jembamba kama ukucha, likaisha. Papo hapo likajaa tena, kijani tupu.

"Bado," ikasema sauti nyuma ya kiti.

Sababu aliijua. Sekunde zikifika sifuri, mwanzo na mwisho wa tao hukutana mahali pamoja, na kompyuta, kwa kukosa busara, hudhani umetaka duara zima. Akaongeza kisanduku cha sharti: sekunde zikiisha, usichore kitu. Akajaribu peke yake, akajaribu mbele ya Brightson. Duara likawa linaisha na kubaki limeisha. Sauti haikutia neno, jambo lililomtisha kuliko maneno.

Siku ya ibada viti vilipangwa uani, televisheni ikawekwa juu ya meza. Wasemaji walilitii duara kuliko walivyowahi kumtii Brightson. Mwanakwaya mmoja alikatishwa katikati ya neno "ukimya".

Erasmus akasimama. Duara likaanza kupungua. Mwaka mzima wa maneno ukasongamana mlangoni mwa kinywa, lisipite hata moja.

"Jamani," alisema. "Mie..."

Ukucha ukabaki. Ukaisha. Brightson akainuka.

Duara likajaa tena.

"Kaongezewa huyo," alisema Bi Wahiba kutoka viti vya nyuma. "Kaa chini, mwenyekiti."

Brightson akakaa, maana skrini ni skrini.

Ndipo Erasmus akasema. Kwamba mkewe hakuwa mkimya hata siku moja. Kwamba aligombana na redio, na akadai kushinda. Kwamba alimsahihisha padri katikati ya kiapo cha ndoa, na padri akarudia. Watu wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Hakuna aliyelitazama duara.

Wageni walipoondoka aliifungua programu. Kisanduku cha sharti kilikuwepo, waya umeunganishwa kama alivyouacha. Akaiendesha. Duara likaisha, likabaki limeisha. Akaiendesha tena.

Akaenda jikoni, akatia kwenye mboga kijiko kizima cha chumvi. Akasubiri. Akauvuta mlango bila kuufunga. Akalisogeza friji mbele kidogo.

Friji likanguruma, kama friji.

Mboga ile haikulika. Aliila yote.