Gari Lililoganda Kwenye Kona

Nikisikia harufu ya vumbi lililopata moto, naikumbuka kompyuta kuukuu ya baba, iliyofunikwa kitambaa alichofuma marehemu mama. Gemu ya magari iliganda kila tulipofika kona ya tatu, na maandishi yakasema memori haitoshi.

“Imejaa,” dada alisema. “Tufute vitu.”

Tukafuta kabisa picha zote, hata za mama akiwa shamba la ngano. Gari likaganda palepale.

Jumapili, baada ya ibada, baba alimleta fundi kutoka Katesh. Tukamwamkia shikamoo. Akafungua mipangilio, akabadilisha namba moja.

“Haikujaa,” alisema. “Gemu ilipangiwa memori ndogo tu.”

Gari likapita kona. Baba akavuta kiti, akaketi katikati yetu.

“Sasa nifungulieni picha za mama yenu.”