Muuguzi Aliyeficha Mikono

Juzi nilikuwa mtaani Shituru, kwa jirani wa dada yangu. Mwili wa mama huyo hautengenezi kinga ya kutosha, na kila mara nimonia ilikuwa ikimlaza hospitalini. Siku hizi muuguzi humchoma dawa ya kinga nyumbani, chini ya ngozi ya tumbo. Lakini juzi muuguzi aliweka mikono mgongoni.

“Leo minye siguse kitu, mama. Weye njo utajichoma.”

“Na kama nakosea?”

“Niko hapa.”

Mume wa mama, aliyekuwa kando, akageukia ukuta asiione sindano. Mama akabana ngozi, akaingiza sindano, dawa ikaanza kuingia polepole.

“Papa, geuka! Sindano iliingia zamani!” mama akamwambia mumewe.

Mikono myepesi ya wauguzi nimeiona mingi. Iliyotulia mgongoni hivyo, mara chache.

Muuguzi akauliza kama arudi wiki iliyofuata, “Semaine ijayo nikuye?”

“Kuya, mais kuya kula bukari,” mama akajibu: aje kwa ugali, si kwa sindano.