Rangi Isiyochuja

Juzi, katika saluni moja hapa Mbarara, msichana alifungua kopo la rangi ya nywele chini ya pua yangu, nikaruka kitini na taulo shingoni. Ile harufu! Inapanda puani moja kwa moja mpaka inakutoa machozi. Msichana akaniuliza kama ninaumwa, nikamwambia afunike kopo lake haraka. Ningemwambia nini? Kwamba nimenusa mkojo wa ng'ombe uliolala wiki mbili kwenye jerikeni, nyuma ya nyumba yetu kule Juru, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja? Angeniona nina wazimu. Ninyi nitawaambia, ila kama mnakula, malizeni kwanza.

Mama yangu alikuwa fundi wa kufuma mifuko. Sindano alifundishwa na masista kule Kivu ya Kusini, kabla hatujakimbia, lakini michoro aliitoa kichwani mwake: mistari ya vitunga vya nyanya yake, vile vya kubebea mihogo, inayopanda na kushuka kama njia ya mlimani. Tulipofika Uganda akaiona mifuniko ya vyombo vya maziwa vya Wanyankole, wenyeji wa huku, nayo ina mistari yake, akaichanganya na ya kwetu. Uzi mpya hatukuwa nao. Alitafuta masweta meupe ya mivumba, zile nguo kuukuu zinazomwagwa chini sokoni, na kazi ya kuyafumua ikawa yangu. Hapo ndipo kinyaa changu kilipoanzia. Kwapani mwa yale masweta mlikuwa na jasho la watu nisiowajua, limekauka likawa gamba la manjano. Nilifumua nimebana pumzi, na nikimaliza nilitema mate mpaka koo likanikauka.

Lakini jasho lilikuwa mchezo tu. Rangi Mama aliichemsha mwenyewe kwa mizizi na magome ya miti, nyekundu ya kupendeza kweli, mpaka mvua inyeshe. Siku moja mke wa pasta alinyeshewa akienda kanisani, mfuko ukachuja, gauni lake jeupe likawa kama la mtu aliyetoka kuchinja mbuzi. Mama alitamani ardhi ipasuke. Ndipo jirani yetu, bibi wa Kinyankole tuliyemwita Kaaka, akampa siri: uloweke uzi kwenye mkojo wa ng'ombe uliochacha, na rangi haitoki tena. Kwa Kaaka mkojo ule haukuwa uchafu hata kidogo. Hata vyombo vya maziwa aliviosha nao.

Basi alfajiri nilikuwa zizini kwa Kaaka na beseni mkononi, nikivizia makalio ya ng'ombe. Ng'ombe hana ratiba, ndugu zangu. Unasimama nyuma yake nusu saa anatafuna tu, ukigeuka kidogo anaachia, na mkojo wake haushuki taratibu kama kinywaji kinachomiminwa kikombeni. Ulinirukia usoni, ulinirukia mdomoni. Ptu! Mpaka leo sipendi chai yenye rangi hafifu. Nilipochelewa, Mama aliniita kutoka upande wa pili wa ua.

"Weye Faida! Ng'ombe haingojake mutu! Kimbia!"

Watoto wa jirani wakaniita Mama Mikojo. Nilijisugua kwa jivu, nilijisugua kwa majani, na bado nilijinusa. Lakini kilichonishinda kabisa ni mikono ya Mama. Aliitumbukiza ndani ya sufuria ya kulowekea uzi mpaka viwikoni, akakamua uzi, akanawa, kisha akaenda kusonga bugali. Siku moja akanimegea tonge, akanipa. Nikalitazama. Nikaliweka chini, mbele ya baba na wadogo zangu, nikafuta vidole kwenye gauni langu.

"Nilinawa na sabuni mara tatu," Mama akasema. "Unataka nikate mikono nitupe?"

Tangu siku ile nilikula mahindi niliyochoma mwenyewe na viazi nilivyomenya mwenyewe. Kilichopita mikononi mwake, ng'o.

Halafu akatokea Hajati. Alikuwa na duka la vitambaa Nyamityobora, mjini Mbarara, mama mnene mwenye sauti ya upole, Kiswahili chake cha sokoni. Aliuona mfuko wa Mama begani mwa mteja, akaagiza aitwe aliyeufuma.

"Mama Faida, hii kazi yako iko muzuri sana," alisema. "Mimi nataka thelathini. Ya watoto ya madrasa, ya kubeba juzuu, siku ya Maulidi. Wazazi wakipenda, hii baraza yangu unaona? Weka meza yako hapa, ufumie hapa."

Mama alirudi Juru akiimba. Meza barazani Mbarara! Maana yake kuacha kulima maharage ya watu, kuacha kukaa kipindi chote cha jua akiinama kwenye shamba lisilo lake. Juzuu ni nini hakujua, alidhani ni daftari fulani. Mimi nilijua kidogo kwamba ni sehemu ya Kurani, kwa kuwa darasani nilikaa na msichana Mwislamu aliyekuwa akinisimulia jinsi wanavyotawadha kabla ya kugusa Kurani, na kwamba tone la mkojo tu likikugusa nguo, huswali nayo. Nilijua, na nilinyamaza. Nilikinga mkojo wa mifuko thelathini nikiwa nimeuma meno.

Siku ya kupeleka nilimsindikiza Mama, na Hajati aliipanga mifuko mezani, akalowesha leso nyeupe akaisugua juu ya ile nyekundu. Leso ikabaki nyeupe. "Eh! Mama Faida, hii rangi unashika na nini?" Mama akacheka, akasema ni dawa za wazee. Mjukuu wa Hajati, katoto ka miaka mitatu hivi, kakavuta mfuko mmoja, kakatia mkanda wake mdomoni, kakaanza kuunyonya.

Nikapiga kelele.

"Ni mukojo! Anachovyaka mu mukojo ya ng'ombe! Mimi ndiye naikingaka!"

Hajati alimnyang'anya mtoto ule mkanda. "Astaghafirullah," akasema, polepole, kama mtu aliyejikwaa. Akamtazama Mama. "Kwa juzuu, Mama Faida?"

"Sikujua," Mama akasema. "Hajati, kwa jina ya Mungu, sikujua. Nitaifua yote, hata mara kumi."

"Maji inatoa najisi, hiyo najua. Lakini wazazi watasikia. Hawatachukua." Hakumtukana. Alituletea chai, Mama akakishika kikombe mpaka chai ikapoa. Kisha tukairudisha mifuko kwenye magunia, mimi mwenyewe nikisaidia kufunga, na moyoni ninachekelea. Nitawaficha nini? Nilichekelea. Nilisema kwisha habari ya ng'ombe.

Na kweli ikaisha. Tulipofika nyumbani Mama aliimwaga ile jerikeni kwenye nyasi. Wiki iliyofuata alirudi kwenye maharage ya watu.

Lakini jioni ileile tuliyotoka Mbarara alisonga bugali. Ya wenzangu aliiweka kwenye sinia, yangu akaileta kando, kwenye sahani. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya kavera, ule mfuko mwembamba wa plastiki wa sukari, ameufunga kwa uzi kwenye kifundo.

"Kula, mwanangu," akasema. "Sikuigusa."

Nilikula. Nilikuwa na njaa ya miezi, nikamaliza yote, nikaramba vidole. Kwa miaka mingi nimejitetea kwamba nilisema kweli, na nilisema kweli. Hajati alistahili kujua, na kale katoto pia. Ila sikusema kwa ajili yao. Mkojo unaoshwa, ukakauka, ukasahaulika. Kinachonitia kinyaa leo ni yule msichana niliyekuwa, mwenye mdomo uliojaa, anayemwangalia mama yake akikata ule uzi wa kavera kwa meno, na anachowaza tu ni kwamba hatimaye amekula chakula safi.