Bwana Kanda na Dakika Ishirini za Mwanzo

Katika watu wote niliowahi kuwajua, na nimewajua wengi kwa kuwa sikuzaliwa kukaa ndani, hakuna aliyechoka kama Bwana Kanda. Kuna watu husema wamechoka ili waletewe chai. Yeye alichoka kimyakimya, miaka thelathini na moja, katika jengo la kufulia la hospitali, upande wa rola.

Rola, kwa wewe uliyesoma ukaishia ofisini, ni mashine yenye mapipa mawili ya moto yanayozunguka. Shuka bichi linaingia huku, linatokea kule limenyooka kama karatasi. Anayelipokea inabidi alikunje kabla la pili halijafika, na la pili halijui kusubiri. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa keshasimama pale. Saa nane mchana alitoka, mikono imeiva mpaka viwikoni, miguu imevimba, na kamba za viatu alizifungua hata kabla hajavuka geti. Mimi kazi nimezifanya nyingi, zote kwa sifa, lakini ile niliijaribu siku mbili nikakumbuka nina ndugu mgonjwa wa kumtembelea mbali.

Na mtu huyohuyo ndiye aliyejikusanyia filamu mia tatu na kumi na mbili. Usidhani ni za ngumi na magari kulipuka. Zilikuwa za zamani, nyingi nyeusi na nyeupe, za lugha asizozijua hata salamu zake, zenye maandishi ya chini. Filamu ambazo mtu anakunywa kikombe kimoja cha chai dakika saba nzima na hakuna anayekuja kumpiga risasi.

Ugonjwa wenyewe ulimpata kazini. Siku moja alitumwa kupeleka vitambaa vya meza katika ukumbi wa madaktari, akakuta wamefunga mapazia wanaangalia filamu. Ukutani kulikuwa na mwanamke anaanika mashuka kwenye upepo. Hasemi kitu, anaanika tu. Shuka linampiga usoni, analitoa, anabana kibanio, anainama kuchukua jingine. Bwana Kanda alisimama mlangoni na vitambaa vyake mkononi, mdomo wazi. Alikuwa ameshika mashuka maelfu kwa maelfu na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani angeona shuka ni jambo la kupigwa picha. Kisha msimamizi akamwita arudi kwenye rola.

Tangu siku hiyo aliitafuta filamu ile na za namna yake. Wakati ule maduka ya kukodisha kanda yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, naye alifika wengine wakiwa wameshachukua zile nzuri. Kilichobaki ndicho alichokitaka, maana ni kile ambacho hakuna aliyewahi kukikodi. Wenye maduka walimwambia abebe na makasha yake, na wakamshukuru kwa kuwafagilia duka. Zilipokuja diski akakusanya na diski. Kanda zenye ukungu alizifungua kwa bisibisi, akazipangusa kwa pamba na spiriti, pole pole, kama anayemsafisha mtoto masikio. Rafu alizitengeneza kwa mbao za masanduku ya sabuni, zikajaa ukuta wa sebule ya nyumba ya wafanyakazi mpaka saa ya ukutani ikakosa pa kukaa, ikahamia jikoni.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye utamu, na ukimwambia nimesema mimi nitakukana. Katika filamu zote hizo, Bwana Kanda hakuwahi kuuona mwisho hata wa moja.

Atauonaje? Saa kumi jioni anaketi, anavua viatu, anaweka kanda kwenye deki, anajinyoosha. Dakika ya tano yuko macho kama askari. Dakika ya kumi na tano anapumua kwa mdomo. Ya ishirini ameshakwenda. Pembeni yake, kwenye kochi hilohilo, alikaa mkewe, Mama Pacha, mpishi wa shule, na ungo wa mchele wa kuchambua mapajani. Asubuhi, chai ikimiminwa, mume anauliza neno moja: "Ikawaje?" Naye Mama Pacha anamsimulia mwisho, huku akipaka siagi mkate, bila haraka.

Bwana Kanda aliandika yote kwenye daftari, na wakati wa mapumziko akawasimulia wenzake. Wanawake wa meza ya kukunjia walikuwa na miisho wanayoidai irudiwe. Kulikuwa na ile ya tarishi anayevuka kinamasi siku tatu kupeleka barua, akafika, akakuta barua ni yake mwenyewe. Fundi wa boila, mtu mgumu kama boila yenyewe, alisikia hiyo akatoka nje akipangusa macho, akasema ni moshi. Ndiyo heshima aliyokuwa nayo Bwana Kanda pale, na hakuwa na nyingine.

Miaka ishirini na miwili mambo yakaenda hivyo. Halafu ikaja barua ya kustaafu, na nyumba ya wafanyakazi haistaafu na mtu. Mwisho wa mwezi waikabidhi. Watoto wao pacha walikuwa mbali na maisha yao, kwa hiyo walikokuwa wanakwenda ni kwa kaka yake Mama Pacha, vyumba viwili nyuma ya gereji yake. Shemeji alikuja kupima kwa macho. Kitanda akakubali, masufuria akakubali, kochi akalizunguka mara mbili akalikubali. Alipofika kwenye rafu akajishika kiuno.

"Hizi, shemeji, mimi sina pa kuziweka. Labda niwatoe nyinyi niziweke zenyewe."

Ikabaki maktaba ya mjini. Mkutubi alikuwa binti mmoja makini, miwani yake imening'inia shingoni kwa uzi, ana chumba kidogo chenye runinga na viti sita. Alisema atazipokea zote kwa mikono miwili, ila kila filamu ije na kadi inayoeleza kwa kifupi na kwa kweli ina nini ndani. Watu hawaazimi wasichokijua, na yeye peke yake hawezi kuangalia mia tatu na ushee. Na ziwe zimefika kabla ya tarehe thelathini, vinginevyo chumba kinapewa magazeti ya zamani. Bwana Kanda karibu acheke. Kadi? Mtu mwenye madaftari kumi na moja? Akatoa miisho yote, akainakili kwa mwandiko wake wa kulala kulala, akatanguliza filamu hamsini za kwanza na kadi zake.

Baada ya wiki aliitwa. Mkutubi alimwamkia vizuri, akamvutia kiti, akazipanga kadi tatu mezani kama daktari anayepanga picha za eksirei.

"Huyu tarishi wa kinamasini, baba. Umeandika barua ilikuwa yake mwenyewe."

"Ndiyo."

"Hiyo barua haifunguliwi. Filamu inaisha bado yuko njiani."

Bwana Kanda akaiangalia kadi kana kwamba ndiyo iliyosema uongo. Ya pili na ya tatu zilikuwa vilevile: mke aliyeandikwa kuwa alirudi na mtoto, kumbe harudi kabisa; kipofu aliyeandikwa kuwa aliona, kumbe ndani ya filamu hakuna kipofu. Mkutubi akauliza, kwa adabu iliyomchoma kuliko tusi, kama kweli mzee ameziangalia. Akajibu ameziangalia zote. Na uongo haukuwa mwingi, kwa sababu kila moja alikuwa ameianza.

"Siwezi kuweka rafuni kitu kisicho kweli," binti akasema. "Nirekebishie kadi, au uje uchukue hizo hamsini."

Nyumbani alimkuta Mama Pacha anafunga vyombo kwenye magazeti. Hakupaza sauti, sauti ya kupaza angeitoa wapi. Alimuuliza tu tarishi alifika au hakufika.

"Sijui," Mama Pacha akasema. "Nililala."

"Siku hiyo?"

"Siku zote. Wewe ulilala dakika ya ishirini, mimi ya ishirini na tano. Napika kwa watoto mia sita, Baba Pacha. Ulidhani mimi nimetengenezwa kwa chuma?"

Akaendelea kufunga sahani. Alisema ile filamu ya kwanza kabisa alimwambia ukweli, kwamba usingizi umempitia, na uso wa mumewe ukashuka namna ambayo hakupenda kuuona tena asubuhi, kabla ya kazi. Ya pili akamtungia. Ya tatu ikawa rahisi. Baadaye alizitunga huku akigawa uji kwenye foleni, mwiko mkononi, na zilimpunguzia kuchoka.

"Na huyo tarishi?"

"Yule nilimwonea huruma. Atembee kote kule na matope yale, kwa barua ya mtu mwingine?"

Bwana Kanda akaenda sebuleni kukasirika. Alikasirika kama dakika tatu hivi, akasinzia.

Asubuhi yake aliamka na shauri. Alikuwa na siku kumi na mbili za likizo zilizobaki kabla ya kustaafu, na katika miaka thelathini na moja hakuwahi kulala amesimama. Basi ataangalia amesimama. Saa tatu akaweka kanda ya tarishi, aliyorudi nayo jana yake kutoka maktaba, akasimama mbele ya runinga, akachukua shuka la kitandani akawa analikunja na kulikunjua ili mikono isishtuke kwa kukosa kazi. Mpita njia angechungulia dirishani angejua mzee amerukwa na akili. Dakika ya ishirini ikapita. Akalikunja shuka upya. Ya arobaini. Saa nzima. Kinamasi kile hakikuwa na huruma.

Mwishoni tarishi aliketi juu ya jiwe. Akavua kiatu kimoja, akamwaga maji, akaangalia unyayo wake, akakivaa tena. Akainuka, akaendelea. Kioo kikawa cheusi, majina yakaanza kupanda.

Bwana Kanda alibaki amesimama na shuka lake. Aliona haya kidogo, kama mtu aliyechunguliwa na jirani akivua viatu vyake mwenyewe. Hakujua kama amependa au amedhulumiwa. Alijua tu kwamba kule kukaa juu ya jiwe alikufahamu, tangu kisigino hadi kiuno, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hilo nalo linatosha kuwa mwisho.

Mama Pacha aliporudi kutoka shuleni, safari hii aliyeuliza ni yeye.

"Alivua kiatu, akamwaga maji, akavaa."

"Halafu?"

"Akaendelea."

Mama Pacha akaweka kapu chini. "Mwisho wangu ulikuwa na nafuu kuliko wa huyo aliyeitengeneza."

Kufikia siku ya nne alikuwa amemaliza saba, na miguu imekuwa kama mito ya kulalia. Hesabu haikuhitaji msomi. Hata angesimama mpaka siku ya kukabidhi ufunguo, asingefika thelathini. Alikaa chini. Alizitazama rafu zile kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza alitamani zingekuwa zimeungua zote, ili apumzike. Mama Pacha alimshauri atoe hizo saba, nyingine wawaachie watakaohamia, waezekee banda. Alisema hivyo kwa upole, lakini alisema.

Labda ni hilo banda lililomchoma. Alivuta kadi mpya, akaandika alichokijua. Na alichokijua, jamani, hakuna profesa wa popote aliyekijua kama yeye, kwani filamu moja alikuwa ameianza mara tano, mara sita. Aliandika mlango upo upande gani, mvua ilianza lini, nani alikohoa kabla ya nani. Hakutia chumvi hata punje. Kila kadi akaimaliza kwa maneno yaleyale: *Mwisho sikuuona.* Kadi mia tatu na tano. Vidole vilimganda, Mama Pacha akawa anamkandia kwa maji ya moto.

Tarehe ishirini na tisa, mkutubi alizisoma amesimama. Akasoma ya kwanza, ya pili, ya sita.

"Baba, huu si uvivu?"

"Ni uchovu, mwanangu. Lakini ni kweli tupu."

Binti akachukua nyingine, akavaa miwani vizuri. Ilikuwa ya mwanamke anayeanika mashuka kwenye upepo, na dirishani kuna mtu anamtazama, mkono wake mmoja tu unaonekana, umeshika pazia.

"Nani huyo dirishani?"

"Sijui."

Aliisoma tena. Kisha, badala ya kuirudisha kwenye nyingine, akaisogeza karibu na mkoba wake, akavuta muhuri.

"Leteni maboksi," akasema.

Iliwachukua asubuhi yote, na pikapu ya shemeji ilikuwa na sauti kuliko nguvu. Lilipobaki boksi moja la kuletwa, mume na mke walikaa kwenye ngazi za maktaba kusubiri. Watu walipanda wakipita kando yao. Mama Pacha alikuwa amevua kandambili moja, anajisugua kidole gumba.

"Moja niliiona mpaka mwisho," akasema.

Bwana Kanda hakugeuka upesi. Shingo yake haikuwa ya kugeuka upesi siku hiyo.

"Ulisema zote ulilala."

"Zote ila moja. Usingizi ulikataa. Asubuhi nikakupa mwisho mwingine, ule wake haukuwa wa kumwambia mtu anayekwenda kazini."

"Ipi?"

"Imo humo ndani."

"Mama Pacha. Ipi?"

"Umestaafu," mkewe akasema, akavaa kandambili. "Utaitafuta."

Pikapu ikakata kona. Bwana Kanda akashika goti, akashika ngazi, akainuka kwenda kupokea boksi.