Vyuma Vipya vya Mandolini

Juzi, katika duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, niliiona mandolini ya marehemu baba, nikaijua kwa ule ufa wa ubavuni. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, nyumbani kwetu Michenzani. Baba alikuwa akivichomoa kwa koleo vile vyuma vyembamba vya shingoni, vinavyokingama chini ya nyuzi, vilivyolika kwa kupigwa kila siku. Chumba kizima kilinuka gundi na mafuta ya karafuu aliyojipaka vidoleni.

"Baba, inaumwa?"

"Inaumwa, mwanangu. Ntaitia vyuma vipya, iwe nyepesi kubonyeza."

Nikaiombea mandolini ipone. Sikujua kuwa vidole vya baba ndivyo vilivyokuwa vikikakamaa.

Juzi niliipapasa shingo. Vyuma vile vipya havijalika hata kidogo.