Tulivyoonjeshana Chakula kwa Mnunuzi wa Korosho

Watu binafsi waliporuhusiwa kununua korosho, Newala ilipata matajiri wa ghafla, nami nikapata kazi kwa mmoja wao. Nyumba yake ilikuwa na bati jipya, sofa zilizovishwa vitambaa, na jokofu ambalo wageni walipenda kulifungua tu wapate ubaridi. Majirani waliiita ikulu. Watumishi tulikuwa watatu: mama mpishi, mtu mzima aliyeanza na familia hiyo tangu ikiishi nyumba ya udongo kule Makote; mlinzi wa getini; na mimi, binti mgeni kutoka Masasi.

Mama mpishi hakunichukia siku ya kwanza. Alianza pale Mama mwenye nyumba aliponikabidhi funguo za stoo, ambazo miaka yote mama mpishi alizifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Pumzika kidogo, umechoka," Mama alimwambia, akidhani anamfanyia wema.

Kesho yake nilipomwamkia aliitikia "Marahaba" huku akiitazama sufuria.

Mlinzi akapata sherehe. Kwangu alileta habari kwamba mama mpishi anasema nimekuja na dawa kutoka kwetu. Kwake alipeleka kwamba najigamba nitalichukua jiko. Kila mmoja wetu alimshukuru kwa sahani ya wali, kwa hiyo habari hazikumwishia.

Ndipo Mama akaanza kutapika. Asubuhi chai inarudi, mchana samaki hataki hata harufu yake. Mama mpishi akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Mzee, tajiri wetu, aliyekuwa na wapinzani wengi kwenye korosho, aliamini wametuma mtu jikoni kwake. Akatoa amri: kila chakula kionjwe mbele ya Mama, na anayeonja asiwe aliyekipika.

Nilionja kisamvu cha mama mpishi kwa ncha ya ulimi. Kilikuwa kitamu mno. Nikachota kijiko cha pili bila kuambiwa.

"Onja, usile!" Mama akafoka kutoka kitandani.

Zamu yangu nilipika ming'oko, vile viazi vya porini, kwa mchuzi wa korosho za kusaga. Mama mpishi alifumba macho kama anayemeza kwinini, akatafuna, akayafumbua.

"Umeweka nini humu?"

Mzee akaruka kutoka kitini.

"Ndimu," nikasema haraka.

"Ndimu tu? Na mimi miaka yote nahangaika na nyanya!"

Basi tukaendelea kuonjeshana. Gauni langu likaanza kunibana, yeye mashavu yakamjaa, lakini Mama alizidi kukonda. Mwishowe Mzee akampakia kwenye pikapu kumpeleka hospitali Ndanda, na sisi washukiwa akatupandisha nyuma tusije tukamtoroka. Gari lilipoanza kuteremka mlima, mama mpishi alinikumbatia kwa woga, nami nikamng'ang'ania.

Tulikaa sana kwenye benchi. Hatimaye muuguzi akatoka anacheka. "Hongera, baba. Mkeo ni mjamzito."

Mtoto wao wa mwisho alikuwa tayari yuko sekondari. Mzee alianza kuhesabu miaka kwa vidole. Mama mpishi alicheka mpaka kilemba kikamdondoka, kisha akanigeukia.

"Binti, nilikudhania vibaya."

"Hata mimi, mama."

"Mlinzi aliniambia unalitaka jiko langu."

"Mimi aliniambia unaniita mchawi!"

Njia nzima ya kurudi tulilinganisha maneno yake, tukicheka mpaka Mzee akagonga kioo tunyamaze. Jioni ile mlinzi alipeleka sahani jikoni, ikarudi tupu.

Mtoto alipozaliwa, mama mpishi aliacha kazi. Siku hizo kila mtu alikuwa anafungua biashara, naye akafungua mgahawa karibu na stendi ya Tandahimba. Aliomba anichukue, Mama akakataa katakata, kwa kuwa kichanga hakikunyamaza ila mgongoni kwangu. Nikabaki. Lakini kila nilipopata nafasi nilipanda basi kwenda kumsalimia, nikimkuta amezungukwa na madereva wenye njaa, naye ananipigia kelele niingie jikoni nishike mwiko kabla hata sijatua kikapu.