Siku Niliyouza Kikapu Bila Kubishana

Naikumbuka vizuri siku moja sokoni Kakuma, mwanangu, kwa kuwa ndiyo siku pekee niliyouza kikapu bila kubishana. Soko zima linanijua: chenji naihesabu mara mbili, hata ukinipa mbele ya padri.

Akiru, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa bado ananyonya. Nilisuka vikapu vya majani ya mkoma nikavipeleka Kakuma, lakini nilichoka kabla ya kuanza kazi. Nikiinama tu kuchota maji, moyo ulidunda. Mtoto akinyoosha mikono abebwe, nilijifanya sijamwona. Nilidhani huko ndiko kuzaa. Na udongo wa kula niliutafuna kama mbuzi aliyepata chumvi.

Basi akaja Mama Furaha, mama mzee Mkongo wa makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, mteja wangu mbishi kuliko wote. Akataja bei ya matusi, kama kawaida yake. Nikamwambia, "Sawa, chukua."

Hakuchukua. Aliweka kikapu chini. "Mama Akiru, leo haubishane? Basi uko mugonjwa." Akanivuta kope ya chini ya jicho, palepale mbele ya wateja. "Angalia, hakuna damu humu! Simama, twende."

Kliniki walinitoboa kidole wakapima: damu imepungua sana, mwili umeishiwa madini ya chuma. Nikapewa vidonge. Nikavimeza kwa chai nzito, maana kwetu chai ndiyo maji. Kisha choo kikawa cheusi, nikaogopa, nikaviacha.

Mama Furaha aliposikia alinifokea. "Uliuliza nani? Muuguzi ama shimo la choo?" Akanishika mkono tukarudi. Muuguzi akacheka kidogo: weusi ule ni wa dawa tu. Ila chai huzuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo nimeze kwa maji, chai ingoje.

Nikavianza tena, na nguvu zilirudi polepole, kama mbuzi wakitoka malishoni, mmoja mmoja. Kwanza hamu ya udongo iliisha. Halafu asubuhi moja nikajikuta nimembeba Akiru hadi bombani, na njiani naimba.

Mama Furaha akaja tena na bei yake ya matusi. Nikamwambia kwa bei hiyo achukue kishikio peke yake. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Aksanti Mungu, amepona!"

Kwa hiyo, mwanangu, ukiishiwa pumzi kwa kazi ndogo, usiseme ndivyo wanawake walivyo. Nenda upimwe. Dawa usiiache kwa kuwa umejisikia mzima. Muuguzi ndiye atakayesema imetosha. Na mbuzi akichinjwa, usigawie kila mtu nyama ukabaki na mchuzi; nyama nayo huongeza damu.

Akuj, Mungu wetu, akupe damu ya kutosha, pumzi ndefu, na mikono ya kumbeba mtoto wako. Na siku ukija kununua kikapu kwangu, akupe nguvu za kubishana. Hutashinda, lakini nitafurahi sana.